Kupe wamevamia nyumba: mbwa, paka na sasa mtoto. Nawatoaje bila dawa kali?

MamaK_Nzuguni
Wakuu habari za jioni. Nipo Nzuguni hapa Dodoma. Nyumbani tuna mbwa wa kulinda na paka aliyezaa juzijuzi. Tangu mvua zianze mbwa amejaa kupe mpaka huruma. Ukifunua sikio unakuta jike limevimba, rangi ya kijivu, na pembeni yake kadume kadogo ka kahawia kamejibana. Katikati ya vidole vya miguu nako wamejipanga.

Kilichonileta hapa ni hiki: jioni hii nimemkuta mmoja nyuma ya sikio la mwanangu wa miaka mitatu. Bado yupo, sijamgusa. Jirani anasema ninunue dawa ya kuogeshea ng'ombe nimwoshe mbwa. Shemeji anasema mafuta ya taa kwa wote, mtoto na mbwa. Mimi nasita, huyu mtoto anamkumbatia mbwa kutwa nzima na paka ananyonyesha. Kuna njia ya mikono au vitu vya kawaida? Naomba msaada wa haraka.

Nesi_wa_Zamu
Pole dada. Tuanze na mtoto, mengine utasoma baadaye.

Usimpake kitu. Si mafuta ya taa, si mafuta ya mgando, si rangi ya kucha, na usimsogezee kupe njiti ya kiberiti. Kupe akikereka anaweza kutema mate na vilivyomo tumboni ndani ya ngozi, na vimelea hupita humohumo. Tafuta kibano chenye ncha nyembamba, hata kile cha kung'olea nyusi. Mshike mtoto kichwa kitulie, mbane kupe karibu kabisa na ngozi, yaani umshike mdomo na si tumbo, kisha vuta kwenda juu polepole bila kumzungusha. Usimkwanyue. Endelea kuvuta kwa nguvu ileile, ngozi itainuka kidogo, halafu ataachia.

Huna kibano? Chukua uzi wa kushonea, fanya kitanzi, kikaze chini kabisa anapogusana na ngozi, uvute juu. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa urahisi, usichokonoe na sindano, ngozi itakisukuma yenyewe. Osha kwa maji na sabuni, pitisha spiriti, nawa mikono. Kupe mwenyewe mtumbukize kwenye spiriti, au mbandike kwenye karatasi kwa seloteipu na uandike tarehe.

Kwa wiki mbili tatu zijazo, akipata homa, upele au kidonda chenye kigaga cheusi pale alipoumwa, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba aliumwa na kupe. Usiposema, watapima malaria, isionekane, na mtarudishwa nyumbani.

Mzee_wa_Bahi
Mafuta ya taa yana shida gani? Sisi tumekua nayo.

Nesi_wa_Zamu
Mzee wangu shikamoo. Yanaunguza ngozi ya mtoto, na mbwa akijilamba yanaingia tumboni na hata mapafuni. Kupe anaweza kufa, sikatai. Ila kibano ni salama zaidi na hakina gharama.

Mifugo_Mstaafu
Nimefanya kazi za mifugo Kongwa na Mpwapwa miaka mingi, niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Dada, unahangaika na mbwa wakati shamba lao ni nyumba yako. Kupe wa mbwa, huyu wa kahawia, kwa mbwa anakuja kula tu. Jike akishiba anadondoka, anatafuta ufa, anataga mayai kwa maelfu, kisha anakufa. Vinatoka vitoto vyenye miguu sita, vidogo hata ukivitazama unadhani ni vumbi. Vinapanda kwa mbwa, vinashiba, vinadondoka, vinajivua ngozi na kurudi vikiwa na miguu minane. Vinashiba tena na kudondoka tena, ndipo vinakuwa kupe wakubwa. Kila hatua wanarudi kujificha ukutani au bandani, na wanaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo unaweza kumsafisha mbwa leo akang'aa, wiki ijayo ukakuta yaleyale.

Banda lianze. Gunia analolalia lichome moto. Kama ni blanketi, lifue kwa maji ya moto kisha ulianike juani kutwa. Chemsha maji umwagie nyufa za banda na za ukuta, mtoto akiwa mbali. Zikikauka, ziba kwa saruji. Usiangalie chini tu, hawa hupenda kupanda: kagua kenchi, fremu za milango, nyuma ya mapazia. Fyeka majani kuzunguka nyumba. Rudia kila wiki mpaka msimu uishe, maana mayai hayaanguliwi siku moja yote.

Mbwa mkague kila jioni, hata kama umechoka: masikio ndani na nje, chini ya ukosi, makwapa, kinena, chini ya mkia, katikati ya vidole. Vaa glavu au mfuko wa nailoni, toa kwa kibano kama nesi alivyoeleza. Msiwaponde kwa kucha jamani, ile damu inabeba vimelea. Na maji matupu hayawaui, tumia spiriti.

Dawa ya josho sikushauri. Imepimwa kwa ng'ombe, na mkono ukizidi mbwa atalegea na kusinzia, anaweza hata kufa. Kwa paka ndiyo kabisa, na hata dawa nyingi zilizoandikwa za mbwa ni sumu kwa paka, hasa zenye pemethrini. Ila sikufichi: kama kupe ni wengi kiasi unachosema, mikono peke yake itakuelemea. Dawa ya mbwa inayopimwa kwa uzito wake na mganga wa mifugo haiko kundi moja na ndoo ya josho. Na mbwa akigoma kula, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa kama kahawa au akatokwa damu puani, hapo ni ugonjwa wa damu. Mpeleke siku hiyohiyo.

Mjukuu_wa_Mvumi
Naongezea, kwa sababu Dodoma hapa tuna papasi pia na watu wanawachanganya. Kupe anang'ang'ania siku kadhaa, unamwona. Papasi anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hasa zile nyumba za tembe, anatoka usiku, ananyonya nusu saa hivi na kurudi ufani. Asubuhi unaona alama tu. Ndiye anayeleta homa ya papasi: inapanda, inashuka, unadhani umepona, baada ya siku kadhaa inarudi. Kwa mjamzito inaweza kutoa mimba. Hospitali huitafuta kwa kuangalia damu kwenye hadubini, na inatibika kwa antibayotiki. Robert Koch alipokuja huku enzi za Wajerumani mwaka 1905 aliona vimelea mpaka ndani ya mayai ya papasi, yaani mama anawarithisha watoto. Mkienda kwa bibi kijijini, mtoto asilale chini. Kitanda kiwe mbali na ukuta, chandarua kichomekewe chini ya godoro.

Kanga_Mweusi
Fuga kuku au kanga. Wanadonoa kupe uani vizuri sana. Ila wasilale ndani, kuku nao wana papasi wao.

MamaK_Nzuguni
Ametoka! Nimetumia uzi, kibano sikukipata. Mtoto amelia kidogo basi, kupe yuko kwenye spiriti. Asanteni sana. Kesho naanza na banda. Je, mwarobaini na ugoro? Na vitoto vya paka nifanyeje?

Mifugo_Mstaafu
Ugoro hapana, tumbaku ni sumu kwa mbwa na paka. Majani ya mwarobaini ukichemsha, maji yakapoa, unaweza kumsuuzia mbwa, yanafukuza kidogo. Usitegemee yaue waliokwisha kung'ata. Paka na vitoto vyake usiwapake kitu chochote, hata mafuta ya mwarobaini, maana wanajilamba. Tumia chanuo la chawa na kibano, ukae nao mlangoni asubuhi kwenye mwanga. Kitambaa wanacholalia kibadilishe kila siku mbili.

Mzee_wa_Bahi
Marahaba nesi. Hiyo ya uzi nitaijaribu kwa mbwa wangu.