Ukuta walia wazi nyuma ya plasta: tufungueje?

Kuze_Ndani
Asalaam aleikum. Nyumba ya mawe, ghorofa moja, Mji wa Kale, Mombasa. Plasta ya saruji yabanduliwa ili irudi chokaa. Chumba cha ndani, kimo cha kifua, kuna pahali kama sentimita 40 kwa 60 palia wazi ukigonga, kama pana uvungu. Fundi asema ni kidaka (kishimo cha kuwekea vitu ukutani) kilichozibwa na ataka kushusha nyundo. Kukiwa na kitu ndani, kitatokaje salama?

FundiChokaa
Waaleikum salaam. Mzuie hiyo nyundo. Jiwe la matumbawe halipasuki kwa mstari, lavunjika vipande, na kifusi chote chaangukia ndani.

Gonga kwa mpini wa bisibisi, ukiandama mpaka wa sauti kwa chaki. Kidaka kina kingo zilizonyooka na mara nyingi juu pana upinde. Mpaka ukienda ovyo ovyo, hiyo ni saruji iliyoachana na ukuta: yafungia unyevu na chumvi, chokaa ya nyuma yageuka unga. Na pakilia wazi karibu na dari, usiguse kabisa. Huenda ncha ya boriti imeoza ndani ya ukuta, na dari yataka kuegemezwa magogo kabla ya chochote.

Ukishahakikisha, zima umeme wa nyumba nzima, kisha toboa tundu la milimita 10 kwa drili ya mkono isiyopiga nyundo. Ingiza kamera ya waya, zile za kuchomeka kwenye simu. Kufungua, anza chini ya upinde, patasi ndogo, ukitoa jiwe mojamoja. Upinde wenyewe usiuondoe, ndio ulioshika mzigo. Vaeni barakoa, hasa kukiwa na mavi ya popo.

Kuze_Ndani
Pande tatu zimenyooka, juu pana upinde. Kamera yaonyesha sahani imeshikana na chokaa, sarafu chache na bunda la karatasi.

Reale1780
Sahani usiing'oe. Kata chokaa inayoizunguka, itoke na chokaa yake.

Sarafu zisiguswe na ndimu, siki wala dawa ya kung'arishia shaba. Asidi yala uso pamoja na uchafu, na maandishi hayarudi. Loweka katika maji yaliyotoneshwa (distilled), badilisha kila siku, kausha kivulini. Kisha pima. Rupia ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye jina la Mombasa na mwaka 1888, ina gramu 11.66. Pesa, sarafu ndogo ya shaba ya Zanzibar, ina picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ni gramu 28 hivi, lakini mwaka 1780 ulio juu yake hauthibitishi umri: imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo hadi leo.

Khati_na_Wino
Bunda ndilo la kuhofia zaidi. Karatasi zenye aya za Kurani hazitupwi jaani, kwa hivyo huwekwa juu au ukutani kwa makusudi. Msizichanganye na kifusi.

Usilifungue. Telezesha kadibodi chini yake, litoke zima. Wino wa masizi na gundi huyeyuka kwa maji, kwa hivyo hakuna kitambaa kibichi. Usilianike juani, karatasi yajikunja na kukatika. Usilifunge kwenye plastiki pia, kwa joto la hapa koga yaota upesi. Liweke ndani ya boksi la karatasi lililo wazi kidogo, chumba chenye kivuli, mbali na ukuta wenye mchwa.

Kabla ya kutoa chochote piga picha kila kitu kikiwa pahali pake, na rula kando. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, vitabu na hati zikiwa kando. Anayegundua kitu cha akiolojia apewa siku 7 kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Fort Jesus, ngome iliyo chini ya Makumbusho hayo, iko karibu nawe. Nenda na picha kwanza, vitu vibaki nyumbani hadi wakuelekeze, na bunda hilo waonyeshe vilevile.

FundiChokaa
Kidaka kikishafunguliwa, kipake chokaa na mchanga, 1 kwa 3. Saruji hata kijiko usitie.