Mrejesho: lengo na maadili ya timu yetu

Wakuu, niliwauliza nifanyeje timu yangu ya watu tisa ikubaliane kuhusu lengo na maadili ya kazi, maana orodha yangu ya maneno kumi ilipuuzwa. Mmoja wenu alisema nianze na yaliyowahi kutukwaza. Basi kila mtu akaandika kwenye kikaratasi siku iliyomchosha roho. Vikaratasi sita vilitaja jambo lilelile: mtu kukwama kimya hadi siku ya kukabidhi kazi. Neno "uwazi" la kwenye orodha yangu tukalifuta, tukaandika: "Ukikwama, sema siku hiyohiyo."

Lengo bado linatusumbua. Tuna sentensi mbili na hakuna anayependa hata moja. Ila jana saa nne asubuhi mwenzetu aliye mgeni kazini alisema amekwama. Mimi, kiongozi wao, nilisema la kwangu saa kumi jioni. Aibu kidogo.