QQ (jozi ya malkia) mapema kwenye turnamenti ya poka, mpinzani kasukuma chipu zote: nifuate au nitupe?

Kopa7

Wakuu, naomba tuichambue hali hii kwa hesabu, maana kila ninaposoma nakuta watu wamegawanyika. Turnamenti ndiyo kwanza imeanza. Kila mtu ana chipu 10,000, blaindi (madau ya lazima ya wawili wanaomfuata mgawaji) ni 50 na 100, ante (mchango wa lazima wa kila mtu) bado. Wa kwanza kucheza anapandisha dau hadi 250. Wote wanatupa mpaka kwa mwenye QQ aliyekaa nafasi ya mgawaji, naye anapandisha hadi 800. Blaindi zote mbili zinatupa. Yule wa kwanza anasukuma zote 10,000. Ni mgeni kabisa, hakuna anayejua anavyocheza.

Wengine wanasema kutolewa mapema hivyo kwa QQ ni uzembe, subiri karata bora. Wengine wanasema QQ ni jozi ya tatu kwa ukubwa, ukiitupa hiyo utafuata na nini? Mpaka uko wapi hasa? Na AK (A moja na K moja) inaingia kwenye hesabu hiyohiyo?

Hesabu_kwanza

Mkuu, kabla ya kukisia ana nini, jua kwanza bei. Umeshaweka 800, kwa hiyo kufuata kunakugharimu 9,200. Mezani kuna 10,000 zake, 800 zako na 150 za blaindi, yaani 10,950. Ukifuata, poti (chipu zote zinazogombaniwa) inakuwa 20,150. Gawanya 9,200 kwa 20,150: unahitaji kushinda mara 45.7 katika kila 100. Ile 800 isahau, si yako tena. Wengi hukosea hapa kwa kudhani wanahitaji 50.

Sasa karata zake. Jozi yoyote hupatikana kwa namna 6, AK kwa namna 16 (4 za aina moja, mfano zote kopa, na 12 mchanganyiko). Kwa kuwa wewe umeshika Q mbili, QQ imebaki namna 1 tu.

Kama anasukuma AA, KK, QQ na AK peke yake, hizo ni namna 29, na QQ yako inashinda kama asilimia 40. Ukifuata unapoteza wastani wa chipu 1,100 hivi. Ongeza JJ, unafika 47, unapata kama 330. Ongeza na TT (jozi ya kumi), unafika 52, na faida inaruka hadi 1,340 hivi, zaidi ya blaindi kubwa 13 kwa uamuzi mmoja.

Kwa hiyo swali lote linabaki hili: je, huyu mtu anaweza kufanya hivi na JJ? Mimi naamini wageni wengi wanaweza. Mwenye AA anatamani ubaki, na mara nyingi atapandisha hadi 2,000 au 2,200 ili akuvute. Kurusha chipu 10,000 juu ya dau la 800 ni kitendo cha mtu asiyetaka kuona flopu (karata tatu za kwanza za mezani), na hiyo ndiyo tabia ya JJ, TT na AK. Ningefuata.

KK wala usiifikirie. Hata akiwa na AA, KK na AK tu, K zako mbili zinapunguza AK hadi namna 8, na unabaki na asilimia 47. Bei bado inakubali.

Mchanga_karata

Hesabu ni sahihi, ila imechukulia chipu kama pesa. Kwenye turnamenti ukizidisha chipu mara mbili, thamani yako haizidi mara mbili.

Chukua turnamenti ya meza moja, watu 10, zawadi 50, 30 na 20 kwa mia. Mwanzoni kila mtu ana thamani ya asilimia 10 ya mfuko. Ukimtoa mmoja mkabaki 9, wewe una 20,000 na wengine 10,000 kila mmoja. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni asilimia 20, wa pili 17.8, wa tatu 15.6. Zidisha kwa zawadi, ujumlishe: asilimia 18.4, si 20. Ukikosa unapata sifuri. Gawanya 10 kwa 18.4 na utaona kwamba pale ambapo chipu zinadai 50, pesa inadai 54.

Rudisha hilo kwenye QQ yetu. Kutupa kunakuachia 9,200, na mpaka unapanda kutoka 45.7 hadi karibu 50. Angalia basi kinachotokea: kama anasukuma JJ na kuendelea pamoja na AK, una 47. Kwa chipu unafuata, kwa pesa ya meza hiyo unatupa. Karata zilezile, mpinzani yuleyule. Akifika hadi TT, 52 inatosha kote.

Kwenye turnamenti ya mamia ya watu, zawadi ziko mbali sana mwanzoni, kwa hiyo nyongeza hiyo huwa ndogo na hesabu ya Hesabu_kwanza inakaribia ukweli. Mshindi akichukua zote, nyongeza ni sifuri. Na kama kuna zawadi ya kichwa kwa kila unayemtoa, mpaka unashuka, mradi chipu zako zinatosha kummaliza.

Hoja ya "mimi ni bora kuliko meza, nitasubiri" ina uzito kidogo, kwa sababu mzunguko mzima unakugharimu 150 tu. Inatosha kukataa faida ya 330. Kuitumia kukataa 1,340 ni kujidanganya.

Kopa7

Asante sana, hapo kwa JJ nimeelewa mpaka uko wapi. Na akisukuma 10,000 moja kwa moja, bila mtu kupandisha kabla yake, nami nina AK mchanganyiko na wawili nyuma yangu hawajacheza?

Ree_moja

Hapo bei inabadilika kwa sababu hujaweka kitu. Unalipa 10,000 kwa poti itakayofika 20,150: asilimia 49.6.

Watu hupenda AK kwa sura yake. Dhidi ya 99 na kuendelea pamoja na AK, inashinda kama asilimia 41 tu. Jozi zile nne za 99 hadi QQ ni namna 24, na dhidi ya kila moja uko nyuma kidogo. Kinachoiokoa ni karata unazozitawala, yaani zenye A kama yako lakini karata ya pili ndogo kuliko K: akisukuma na AQ unafika karibu 49, akiongeza AJ unafika 53. Dhidi ya hizo mbili unashinda karibu mara 3 katika 4. Kwa hiyo jiulize kama huyu anasukuma na AQ na AJ. Kama huoni sababu ya kuamini hivyo, tupa. Hapa QQ ni bora kuliko AK, kwani inazipiga JJ, TT na 99 kwa asilimia 80 hivi.

Wawili walio nyuma si tatizo kubwa kama wengi wanavyoogopa. Nafasi ya mtu mmoja kupewa AA au KK ni namna 12 katika 1,326, chini ya asilimia 1, na A na K ulizoshika zinaipunguza tena. Ila uamuzi ukiwa sawa kwa sawa, hao wawili watoshe kukufanya utupe.

Kwenye meza ya ana kwa ana, kabla ya kusema lolote mwombe mgawaji ahesabu chipu za aliyesukuma. Chipu kubwa zikifichwa nyuma ya ndogo, unaweza kudhani ni 6,000 kumbe ni 10,000. Kanuni zinazotumika kwenye turnamenti nyingi zinakufunga kwa kiasi halisi ukishafuata, hata kama ulihesabiwa vibaya. Na usirushe chipu mezani ukiwa bado unafikiri: chipu moja bila neno, mbele ya dau, ni kufuata.

Mchanga_karata

Naongezea kwa Ree_moja: linganisha chipu zake na zako pia. Kama ameshapoteza na amebaki na 1,500, hizo ni blaindi kubwa 15 na mtu huyo anasukuma karata nyingi mno. Hapo AK na QQ zinafuata bila kusita, na hata 99 inaingia.