Hofu ya wananchi kuhusu afya: je, mamlaka ziifuate au ziisahihishe?

Mwanzisha mada:

Wadau, naomba tujadili swali ambalo hurudi kila inapozuka taharuki ya ugonjwa, dawa au chanjo: je, mamlaka za afya zipange hatua zake kwa kufuata takwimu za wataalamu, au zizingatie kwanza yale ambayo wananchi wenyewe wanayaogopa? Msimamo wangu ni kwamba takwimu ndizo zinazopaswa kuongoza, lakini mamlaka inayowanyima watu takwimu hizo na kuwapa maneno ya kutisha au ya kutuliza haina haki ya kulalamika wanapoogopa kusikostahili.

Wanaosema kuwa woga wa umma ni ujinga mtupu wamekosea. Mwaka 1987 Paul Slovic, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba mtu wa kawaida haipimi hatari kwa idadi ya vifo peke yake, bali huangalia pia kama inaweza kuua wengi kwa mkupuo, kama inaeleweka, na kama yeye mwenyewe ana uwezo wa kuidhibiti. Kabla yake, mwaka 1969, Chauncey Starr, mhandisi wa Marekani, alikuwa amekadiria kwamba watu huvumilia hatari waliyojichagulia hata ikiwa kubwa mara 1,000 kuliko ile wanayobebeshwa na wengine. Ndiyo maana mvutaji sigara anaweza kukasirishwa kwa dhati na kemikali kidogo iliyoingia katika maji yake ya kunywa. Simwoni kuwa anajipinga, kwa sababu sigara aliichagua mwenyewe (ingawa uraibu huupunguza sana uhuru huo), ilhali kuhusu maji hakuna aliyemuuliza.

Kinachonisikitisha ni namna habari zinavyotolewa. Oktoba 1995 mamlaka ya usalama wa dawa nchini Uingereza ilionya kwamba aina mpya za vidonge vya kuzuia mimba zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Nyuma ya neno hilo "maradufu" kulikuwa na hesabu ndogo mno: kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, mmoja angepatwa na tatizo hilo, kwa vidonge vipya, wawili. Wengi waliacha kuvitumia ghafla, na inakadiriwa kuwa mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa takriban 13,000 katika England na Wales. Ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile, kwa hiyo onyo lililokusudiwa kuwalinda wanawake liliwasukuma baadhi yao kwenye hatari kubwa zaidi.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha mada, unaziamini takwimu kana kwamba huwa zipo tayari wakati wote. Mwaka 1990, wakati wananchi wa nchi hiyohiyo wakihofia ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, waziri wa kilimo John Gummer alimpa binti yake mdogo baga mbele ya kamera ili kuonyesha kuwa nyama ni salama. Machi 1996 serikali ilikiri kwamba huenda ugonjwa huo umewaambukiza binadamu, na hatimaye zaidi ya watu 170 walikufa nchini humo. Hapo hakukuwa na takwimu zilizofichwa. Kulikuwa na kutojua ambako kulitangazwa kuwa ni usalama, na woga wa mnunuzi wa nyama ulikuwa na busara kuliko kauli ya waziri. Kumbuka pia Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka ya dawa, aliyekataa kuidhinisha dawa ya thalidomidi nchini Marekani kwa sababu tu ushahidi wa usalama wake haukumtosheleza, wakati kwingineko duniani dawa hiyo ilisababisha zaidi ya watoto 10,000 kuzaliwa na ulemavu.

Mwanzisha mada:

Nakubali kuhusu nyama, na ninarekebisha hoja yangu: pale ambapo takwimu hazijapatikana, mamlaka iseme hivyo waziwazi na ichukue tahadhari. Lakini mfano wa Kelsey unanipa nguvu mimi zaidi kuliko wewe, maana yeye hakuongozwa na taharuki. Alidai ushahidi kila kampuni ilipoomba tena idhini. Tena, kinga ni bora kuliko tiba, ila kinga nayo inaweza kuua. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliziogopa ndege wakasafiri kwa magari, na Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alikadiria kuwa katika mwaka uliofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu hiyo. Hakuna aliyewaita wahanga wa hofu, kwa kuwa walikufa mmojammoja, mbali na kamera.

Swali ninalokurudishia ni hili: ushahidi ukiwa haujakamilika, na kila upande una maisha ya watu, ni nani aamue kwamba sasa unatosha?