Nahamishia samaki tanki jipya, naomba ushauri wa haraka

Mnyegezi_Halisi: Wakuu, kwema? Niko hapa Nyegezi, Mwanza. Nina samaki wa dhahabu tisa kwenye tanki la lita 60 na limechakaa. Nimechongesha jipya la vioo, lita 150, fundi kalileta juzi. Kesho asubuhi nahamisha. Swali langu ni moja tu: niwahamishe wote kwa mkupuo au wawili wawili?

Kigingi: Sokoni Mwaloni sato wamejaa, wewe unafuga wasioliwa. Hamishia kwenye kikaango.

MamaKulwa: Mdogo wangu, kabla ya hapo. Gundi ya vioo bado inanuka siki? Kama inanuka haijakauka. Maji uliyojaza ni ya wapi? Na sponji ya filta ni ile ya zamani?

Mnyegezi_Halisi: Hainuki. Maji ya bomba, nimejaza juzi hiyo hiyo. Sponji mpya kabisa.

MamaKulwa: Ya zamani iko wapi?

Baba_Buhongwa: Mimi nilihama Igoma na wangu kwenye ndoo ya rangi, ndani ya daladala. Konda akadai nauli ya ndoo. Breki moja pale Mkuyuni, nusu ya maji kwenye viatu vya mama mmoja mwenye tenga la nyanya. Alinisema hadi Butimba.

MamaKulwa: @Mnyegezi_Halisi sponji ya zamani?

Mnyegezi_Halisi: Nimeifua. Na kokoto pia. Sabuni ya unga. Jamani ilikuwa na utelezi, inanuka! Mtu anahamia nyumba mpya na uchafu wa zamani? Halafu wawili nilishawahamisha jana, kwa majaribio.

MamaKulwa: Wako hai?

Mnyegezi_Halisi: Mmoja.

MamaKulwa: Ule utelezi ndio ulikuwa mali. Humo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Kuwaotesha upya ni wiki nne hadi sita. Umewaua kwa sabuni, halafu ukamwaga maji ya klorini juu. Mrudishe huyo kwa wenzake sasa hivi.

Kijana_wa_Ziwa: Si achote maji ya ziwa, hatua mbili tu? Hayana klorini.

MamaKulwa: Yana vimelea. Acha.

Mnyegezi_Halisi: Kumrudisha ni ngumu. Tanki la zamani nimeshaliuza, mteja anakuja kesho saa nne. Kianzio elfu 40 nimekula, nimemlipa fundi. Na linavuja kona moja.

Kigingi: Subiri. Nani ananunua tanki linalovuja?

Mnyegezi_Halisi: Nimemwambia ni jasho la kioo.

Ustaadh_Pasiansi: Hiyo ni dhuluma, ndugu. Mwambie ukweli, riziki haiji kwa kona inayovuja.

Kigingi: Wakuu, chai hii, anatutungia. Mwezi jana huyu alileta uzi wa kasuku anayemtukana mwenye nyumba. Leo jasho la kioo. Kesho mamba yuko bafuni.

Baba_Buhongwa: Chai ya rangi kabisa. Ila ile ya kasuku nilicheka.

Mnyegezi_Halisi: Kasuku alikuwepo kweli! Na huyu samaki namwona hapa ninapoandika. Amepanda juu, anaachama kwenye uso wa maji, matamvua mekundu kama pilipili. Chai gani hiyo?

MamaKulwa: Iwe chai, isiwe chai, nitajibu. Huyo mrudishe; mwache aelee ndani ya mfuko dakika kumi na tano kwanza. Tanki la zamani punguza maji yashuke chini ya ufa. Mteja asubiri. Jipya limwage lote, kokoto za sabuni tupa. Jaza upya, washa pampu ya hewa usiku kucha, klorini itapungua. Mimi niko Kirumba, nina sponji chafu, nitakukatia kipande. Njoo na mfuko, ntaiweka na maji yake isikauke. Ukishaiweka, hamisha wawili, subiri wiki, lisha kidogo, badilisha robo ya maji kila siku. Na hao nane waliobaki kwa lita 150 bado ni wengi.

Mnyegezi_Halisi: Nashukuru sana Mama Kulwa, nakuja. Ila mteja kapiga sasa hivi, anauliza kama sponji na kokoto zimo kwenye bei.