Mjadala: Kambi za pasti pepa zinamsaidia kweli mtoto wa kidato cha nne kufaulu Hisabati?

Mleta mada:
Wakuu, huu ni mwaka wangu wa tisa nafundisha Hisabati shule ya kata. Ikifika Juni mambo ni yale yale: vipindi vinasimama, kidato cha nne wanaingia kambini, kazi inakuwa kupiga pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, asubuhi hadi usiku mpaka mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa Novemba. Naona tunawapoteza watoto.

Matokeo ya 2023 na ya 2024, waliofaulu Hisabati nchi nzima ni kama robo tu ya watahiniwa, na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30, yaani D. Hao robo tatu hawakukosa pasti pepa. Zimejaa kwenye simu na kila steshenari.

Jumatatu moja tulifanya swali la mfululizo: unaanza na 3, nyongeza ni 4, tafuta namba ya kumi. 3 + 9 × 4, jibu 39. Alhamisi nikawapa la mkulima wa miche: mstari wa kwanza 5, wa pili 8, wa tatu 11, je, wa ishirini una mingapi? Binti mwenye bidii kuliko wote akaniandikia 39. Nikamwita, nikapanga punje za mahindi mezani: tano, nane, kumi na moja. Akaziangalia kimya, kisha akasema, "Mwalimu, si zinaongezeka tatu tatu?" Dakika mbili hazikuisha, ameandika 5 + 19 × 3 = 62. Kichwa anacho. Tangu kidato cha kwanza anakimbizwa tu.

Napendekeza nusu ya muda wa kambi urudi kwenye mada za kidato cha kwanza na cha pili. Pasti pepa zibaki za kujipima mwishoni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu, kwa heshima zote napinga. Sehemu A ya mtihani ina maswali kumi, kila moja alama 6. Mtoto akikamilisha matano tu, ana 30, D yake mkononi. Na mpangilio unajulikana: la kwanza ni namba, la pili vipeo na logi. Mtoto wa kata aliyekosa mwalimu wa Hisabati miaka miwili utamrudisha kidato cha kwanza mwezi wa sita? Pasti pepa ndiyo kamba pekee ya kumvuta. Mimi ilinivuta.

Mleta mada:
Mkuu, hesabu yako ya maswali matano ni sahihi, hata mimi nawaambia hivyo hivyo. Ila sogea karibu na daftari. Swali la vipeo: mtoto anafika 2 kwa kipeo cha x ni sawa na 1/8. Anajua 8 ni 2 × 2 × 2, anaandika x = 3 badala ya -3. Alama ya kutoa imempita, na namba hasi ni za kidato cha kwanza. Ukimpa pepa thelathini, zote zitamwambia amekosa. Hakuna itakayomwambia kwa nini.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mama tu, sijui vipeo. Tulichangia hela, unga na maharage ya kambi. Mwanangu karudi na daftari limejaa alama za vema, lakini nikimwambia anieleze swali linauliza nini, hawezi. Mpaka la saba alisoma Hisabati kwa Kiswahili na alikuwa anaipenda. Huko sekondari kila kitu Kiingereza. Mwalimu, hizo punje za mahindi ulimweleza kwa lugha gani?

Mleta mada:
Kwa Kiswahili, mama. Swali lilikuwa la Kiingereza, na nadhani hakulisoma hata mara moja, alitafuta tu linafanana na lipi. Siku hizi naliandika ubaoni kwa Kiingereza kwa sababu ndicho atakachokutana nacho Novemba, halafu nauliza, "Hapa tunaambiwa nini?" Hakuna kushika kalamu mpaka watatu wanieleze kwa maneno yao. Kwa darasa la watoto sitini, swali moja linakula dakika kumi na tano. Ndiyo maana nayaomba hayo masaa ya kambi.