MJADALA: Tochi ijifiche kichakani, au isimame barabarani kila dereva aione?

Mzee wa Namba C (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulizungumze hili bila matusi. Aliyepigwa tochi wiki hii, yaani kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo wa gari, asubiri kwanza hasira ishuke.

Juzi nimetoka Iringa kurudi Dar. Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Chalinze madereva tuliopishana nao wameniwashia taa mara kumi na moja, kunitahadharisha kwamba mbele kuna tochi. Nilihesabu kwa kuwa redio ya gari imekufa na sikuwa na kazi nyingine. Kati ya hizo kumi na moja, tochi nilizoziona kwa macho yangu ni mbili tu: moja chini ya mwembe, nyingine nyuma ya kibanda cha vocha. Tisa zilizobaki ama zilijificha kitaalamu, ama hazikuwepo kabisa na mtu aliwasha taa kwa mazoea. Lakini mara zote kumi na moja nilishuka hamsini kama mtoto mwenye adabu.

Hesabu yangu ni hii. Kama lengo la tochi ni magari yapunguze mwendo, basi zile tisa za hewa zimefanya kazi kubwa kuliko zile mbili za kweli, tena bila betri wala posho. Kama lengo ni makusanyo, basi ni mbili tu zilizofanya kazi, na wote walioniwashia taa ni wahujumu uchumi.

Ndiyo maana nauliza: anayejificha anataka nini? Mlinzi husimama getini ili mwizi amwone na aghairi. Anayejificha ni mwindaji, na mwindaji swala wakikoma kupita atalala njaa. Halafu ile sare nyeupe ilichaguliwa ionekane kwa mbali. Ukiivaa kisha ukachuchumaa kwenye mahindi, umeidhulumu sare.

Teknolojia yenyewe siipingi. Kifaa kinasoma mwendo, kinapiga picha, picha ina tarehe, saa na kilomita zako. Kisha inarushwa kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, wewe unafika unapiga honi za furaha, unasimamishwa, unaonyeshwa gari lako kwenye simu kama picha za bibi harusi. Umependeza, 71. Tatizo ni kwamba ile picha haionyeshi kibao. Kibao cha kuanza hamsini utakikuta. Cha kumaliza hamsini kimeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na huenda ndiyo lile jiko ulilochomewa mahindi pale Mlandizi. Sasa dereva mgeni ajue vipi kwamba kijiji kimeisha? Aulize mbuzi?

Jambo la mwisho, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Nina rafiki ana gari la usajili mpya, namba E, sio C kama langu, bado linanuka upya. Akienda Arusha anatenga hela ya mafuta, ya chakula, na ya "tochi mbili". Elfu sitini, thelathini kwa kila kosa. Akifika amepigwa moja tu, anafurahi kama aliyepata punguzo dukani. Huyo havunji sheria tena, wakuu. Huyo ananunua mwendo, na bei yake anaijua.

Na tusijifanye tunamshangaa. Sisi wote tunaagiza magari Japani ambayo dashibodi yake inaishia 180, tunayafungia spoila, tunaongeza mlio wa ekzosi, kisha tunaununua na usalama vilevile kama vocha: stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, pembetatu mbili kwenye buti, mtungi wa kuzimia moto chini ya kiti. Mtungi wangu niliununua 2016. Sijui unafunguliwaje. Trafiki aliyewahi kuukagua naye nadhani hakujua, aliangalia tarehe tu akanirudishia.

Haya, karibuni. Tochi ijifiche au isimame wazi?

Fundi Rejeta

Mkuu, umejipiga ngwala mwenyewe. Zile tochi tisa za hewa zilikutisha kwa sababu gani? Kwa sababu unajua tochi huwa zinajificha! Zingekuwa zote zinasimama wazi, ungeangalia mbele, usione nguo nyeupe, ungekanyaga. Mzimu unaogopwa kwa kuwa hauonekani.

Na hiyo 71 yako unayoicheka, ngoja nikupigie hesabu ya gereji. Kwenye 80 gari linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Mtoto akiingia barabarani, sekunde nzima inapita kabla mguu haujagusa breki. Mita 22 zimeshakwenda bure. Mwenye 50 katumia 14. Kwa lami kavu na tairi nzuri, wa 50 anasimama kabisa kwenye mita 28 hivi. Wewe wa 80, hapo mwenzako aliposimama, bado una kilomita sabini na kitu. Utasimama karibu mita 57. Hizo ni tairi nzuri. Tairi nilizozizoea mimi hapa, za mtumba zilizochongwa mistari upya kwa kisu cha moto, sitaki hata kusema.

Kwa hiyo wajifiche. Wajifiche hata juu ya mnazi.

Suka wa Kusini

Mimi ni dereva wa basi, mwaka wa 14 sasa. Nyie wa magari madogo mnalalamikia tochi, sisi tuna tochi ndani ya gari. LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, wanaliona basi kwenye kompyuta, likizidi 80 king'ora kinalia humo humo, abiria wote wanasikia. Kifaa kile hakijifichi, wala hakiombi hela ya kubrashi viatu.

Sasa niwaambie kinachotokea kikilia. Mnadhani abiria wanasema "suka, punguza"? Wachache, kina mama wenye watoto. Waliobaki wanauliza kama hicho kidude hakiwezi kuzimwa kinawasumbua usingizi. Na wapo madereva wanaochomoa waya, wakikamatwa wanafungiwa leseni, halafu abiria wale wale wanasema madereva wa siku hizi hawana utu.

Abiria wa Tanzania anakata tiketi kwa kuuliza maswali matatu: kuna AC, kuna chaji ya simu, mnafika saa ngapi. Sijawahi kuulizwa breki. Basi likisifiwa mjini linasifiwa kwa kufika mapema. Mwenye basi anajua, mkata tiketi anajua, na mimi niliyeshika usukani najua kwamba nikifika saa mbili nyuma ya mwenzangu, kesho siti zangu zitakuwa na hewa. Mkitaka tochi, mulikeni na hapo stendi.

Binti Kibaha

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote, nimeona kila mtu hapa ana usukani. Mimi natembea.

Nafundisha shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu. Saa sita na nusu mchana darasa la kwanza na la pili wanavuka. Tumeweka watoto wakubwa wenye bendera nyekundu, na kuna zebra, ambayo madereva wengi wanaichukulia kama pambo. Siku ambayo trafiki yupo, amejificha au hajajificha, watoto wanavuka. Siku ambayo hayupo, navuka mimi nikiwa nimenyoosha mikono kama Yesu msalabani.

Kaka Namba C, wewe unauliza tochi ikae wapi. Kwetu swali hilo halina maana, kwa sababu trafiki ana zamu na watoto wanavuka kila siku. Sisi tunataka matuta. Tuta halilali, halina WhatsApp, haliangalii namba ya gari ni C au E, na ukiwasha taa kumtahadharisha mwenzako hujamsaidia chochote, tuta atalikuta pale pale.

Mzee wa Namba C

Marahaba mwalimu. Hapo umenibana kweli. Ila matuta kwenye barabara kuu, malori yatatuua kwa foleni. Na matuta mengine yamewekwa bila rangi, usiku tuta unalikuta ukiwa tayari hewani.

Binti Kibaha

Ukilikuta hewani ulikuwa ngapi, kaka?

Fundi Rejeta

😂😂 Hajibu huyo. Shokapu zake nimebadilisha mimi.

Mwana wa Makupa

Ndugu zangu wa Bongo, mimi ni wa Mombasa, niwape historia kidogo. Mwaka 2004 waziri wetu wa uchukuzi, John Michuki, alilazimisha matatu zote zifungwe kidhibiti mwendo, mwisho 80, na kila kiti kiwe na mkanda. Watu walitembea kwa miguu siku za kwanza kwa sababu matatu nyingi ziligoma. Zikarudi, na kwa muda kweli tulipanda gari tukafika na nyoyo zetu zikiwa mahali pake.

Halafu soko likazaliwa. Palipofungwa kidhibiti pakatokea fundi wa kukifungua. Ukienda kukaguliwa kinafungwa, ukitoka kinafunguliwa, na wote wawili wanalipwa. Usiniambie biashara hiyo ilikuwa ya siri, bwana, hata manamba wa miaka 18 aliijua bei.

Kisha mwishoni mwa 2013 ikaja Alcoblow, kile kipimo cha kupuliza cha walevi. Hapo ndipo utajua mapenzi ya binadamu: Ijumaa usiku watu waliolewa chakari walikuwa na akili timamu za kuandika mitandaoni kizuizi kiko barabara ipi. Mahakama ya Rufani ikaja kuzifuta zile kanuni mwaka 2017, kwa sababu hazikuendana na sheria mama. Yaani mashine ilikuwa nzima, karatasi ndiyo ilikuwa mbovu. Kwa hiyo kabla ya kugombania kichaka, someni karatasi yenu imeandikwaje.

Mtoro wa Leicester

Wandugu, niko Uingereza mwaka wa tisa. Huku kamera za barabara kuu zimepakwa njano kabisa, na kabla yake kuna kibao chenye picha ya kamera. Wanakwambia "tuko hapa" kama mtu anayetangaza kitumbua. Na bado watu wanapigwa! Mimi mwenyewe nimepigwa mara mbili. Barua inatakiwa ikufikie ndani ya siku 14, inakuja nyumbani, mke anaifungua kabla yako. Kima cha chini ni pauni 100 na alama tatu kwenye leseni. Kosa likiwa dogo unaweza kuchagua darasa la mwendo, unalilipia mwenyewe, unakaa saa kadhaa na wastaafu mkionyeshwa picha za breki. Niliona aibu kuliko faini.

Halafu kuhusu yule rafiki wa "tochi mbili": Finland dawa yake wanayo. Kule kosa kubwa la mwendo faini inapigwa kwa kipato. Mwaka 2023 tajiri mmoja, Anders Wiklöf, alikutwa na 82 kwenye eneo la 50. Alitozwa euro 121,000. Kwa hela zetu ni zaidi ya shilingi milioni 300. Alijitetea kwamba alikuwa ameanza kupunguza. Utetezi ule ule wa Chalinze, bei tu ndiyo tofauti.

Mzee wa Namba C

Hiyo ya Finland ndiyo kiini cha nilichotaka kusema na sikukisema vizuri. Elfu thelathini kwa mwendesha bajaji ni siku nzima ya jua, na huenda isitimie. Kwa mwenye V8 haijazi hata robo ya tangi. Kosa moja, adhabu moja, lakini mmoja ameadhibiwa na mwingine amelipia huduma. Na zile V8 za serikali, za namba za ST, zinazotupita na taa kali mchana kweupe, hizo sijui zinamulikwa na tochi ya nchi gani.

Kuna mahali pamoja tu barabarani nimeona watu wanatii bila askari. Mbugani Mikumi, kilomita 50 hivi za lami ndani ya hifadhi. Pale kuna bango lenye orodha ya wanyama na bei ya kila mmoja kwa dola ukimgonga. Menyu kamili. Twiga ghali, nyani nafuu. Abiria wanacheka, dereva anapunguza. Sijawahi kuona bango la hivyo nje ya shule ya mwalimu, na nikilifikiria sana sijui kama ningetaka kuliona.

Suka wa Kusini

Mbugani tunapunguza kwa sababu tembo akigongwa na basi, basi ndilo limekwisha, mzee. Usituongezee hekima.

Fundi Rejeta

Mimi bado nasema mnazini. Na anayewasha taa kutahadharisha wenzake naye atozwe, maana humjui unayemwokoa. Unaweza kuwa umemwashia jambazi aliyetoka kuiba ng'ombe.

Mwana wa Makupa

Mwizi wa ng'ombe naye ana mama.

Kijana wa Harrier

Samahani wakuu, sijasoma mjadala wote. Natoka Moro sasa hivi naingia Dar, nina haraka kidogo. Kuna mtu kapita Chalinze? Tochi ipo?

Binti Kibaha

Ipo, mdogo wangu. Ziko sita. Nyingine iko hapa mbele ya shule yetu, imejificha vizuri sana, hutaiona. Njoo na hamsini yako.